Milango ya Miiba Korongoni

Baba,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, acha nianze na sauti, kwa sababu imekaa sikioni mwangu siku kumi na moja na hainipi nafasi ya kuanza na jambo jingine. Ni sauti ya kata ya kibuyu ikikwangua mchanga chini ya shimo lisilo na maji. Kwaru, halafu kimya. Kwaru, halafu kimya. Katika ule ukimya anayekwangua anasubiri maji yachuruzike tena, nayo yanakuja kidogo kiasi cha kulowesha kucha.

Kifua kinaendeleaje? Mama aliniambia unakohoa tangu ukungu uanze na bado unaingia shambani kuchuma chai alfajiri. Vaa lile koti nililokuletea. Mimi mzima. Mwandiko utauona mbovu, sababu utaipata humu humu.

Jumapili ulinipigia, ukazungumza dakika mbili, ukakata. Ulisema, "Atupele, Ambakisye ndiye aliyekutoa juani ulipokosa kazi, leo unamletea kiburi. Mpe njia yake, na umwombe radhi kabla Jumatatu haijaisha." Nikasema, "Baba, ngoja nikueleze." Ukasema, "Ueleze nini?" Simu ikafa. Barua huwezi kuikata katikati, ndiyo maana naandika.

Najua huko Tukuyu unawaambia watu mwanao yuko ofisi ya utalii Dodoma. Ofisi naiona siku mbili kwa wiki. Siku nyingine niko juu ya baiskeli nakula vumbi. Rafiki yako Ambakisye anapeleka watu kuendesha baiskeli kwenye hifadhi ya milima, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini. Ni baiskeli za matairi mapana, za barabara za changarawe. Mimi natangulia peke yangu, simu imefungwa kwenye usukani inanasa kila kona ninayopita, kisha naandika: hapa mteremko, hapa mawe, hapa kivuli. Wageni wanaiingiza njia hiyo kwenye simu zao na kuifuata. Nchi ya huku haimpendi mtu, baba. Jua linapiga kutoka juu na mawe yanalirudisha kutoka chini, na hata kichaka kinachonifika gotini kina miiba ya kupasua tairi. Nilisoma ramani miaka mitatu pale chuoni Chimwaga nikadhani nimeijua.

Nilichora njia tatu. Ya tatu ndiyo iliyoleta haya. Inaanzia juu ya uwanda, inapita msituni kwenye vijia vya ng'ombe vinavyogawanyika mpaka mtu unapotea mchana kweupe, kisha inashuka kwenye korongo, yaani mto ambao miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Upande mmoja mchanga umeshikana, unapita juu yake kama lami. Ambakisye alipoiona kwenye kioo alipiga meza. "Hii ndiyo yenyewe, binti." Kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba anipe mwenyeji mmoja wa kunisindikiza. Alisema mwenyeji atanimalizia siku kwa hadithi.

Kule korongoni nilikuta matawi ya mgunga yamelazwa mahali sita kuzunguka vishimo, na yote yameziba ule upande mgumu. Vishimo nilidhani ni vya watu wanaochimba mchanga wa kujengea. Niliyavuta matawi pembeni, nikapita, nikaandika: vizuizi vya miiba, viondolewe. Sikurudisha hata tawi moja. Wiki iliyofuata nikapita na wageni wanane kutoka mjini, watumishi na wanafunzi, wakinifuata nyuma. Kila penye miiba nilishuka nikawafungulia. Mmoja akasema, "Wanakijiji wametuwekea mageti kama ya bungeni." Tukacheka wote. Nami nilicheka.

Mara ya tatu nilikuwa peke yangu, na matairi yote mawili yakaisha upepo kwa pamoja. Nilipofukua mchanga nikakuta miiba imefukiwa, ncha juu, kwa mstari kabisa. Mtu alikaa akaipanga. Nilikuwa nimechuchumaa naziba pancha niliposikia ile kata.

Nilifuata sauti. Mwanamke wa umri wa mama alikuwa ndani ya shimo, mchanga umemfika kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. Sijawahi kunyimwa marahaba maisha yangu yote.

"Wewe ndiye unafunguaga?" akauliza, kichwa bado chini.

"Nafungua nini, mama?"

"Mlango."

Nikatazama huku na huku. Wanawake watatu walikuwa wamekalia ndoo zao zilizofudikizwa. Mmoja akamwambia mwenzake, "Anatafuta kitasa." Wakacheka, lakini si cheko la kukukaribisha.

Yule wa shimoni anaitwa Mama Ndahani. Alitoka, akajipangusa, akanieleza kwa Kiswahili cha taratibu, kama mtu anayehesabu mawe. Kila shimo ni kisima cha nyumba moja. Miiba ndiyo mlango wake. Ukifungua unachota, ukimaliza unafunga, hata mtoto wa miaka minne anajua. Ng'ombe wananusa maji kutoka mbali. Siku ile nilipopita na wageni wangu, ng'ombe waliingia visima vinne, wakakanyaga, wakachafua, kuta zikaporomoka. Cha kwake ndicho kilichokuwa na kina kuliko vyote. Mkwe wake amejifungua, na kichanga kinaogeshwa kwa maji ya kuomba kwa watu.

"Kwenu hamfungi milango?" akauliza.

"Kwetu maji yanapita nyuma ya jiko," nikasema. Lilinitoka tu, baba. Ni kweli, lakini lilinitoka vibaya.

Yule wa kitasa akasema, "Basi ipeleke baiskeli yako ikanywe kwenu."

Niliikokota hadi barabarani. Kwenye kona jiwe moja likagonga rimu, sikugeuka kumtafuta aliyelirusha. Njia nzima nilikuwa na hasira nao. Nilijiambia wangeweka hata kibao. Nilipofika kwenye lami nikiwa na kiu, nikajiuliza ni nani anayebandika kibao kwenye mlango wake kueleza kwamba huu ni mlango.

Kesho yake nilimwendea rafiki yako. Nilimweleza yote, na nikamwekea njia nyingine mezani, inayozunguka mgongo wa mlima. Ni ndefu, ina mawe, haina uzuri wa korongo, lakini inapitika. Jumamosi hii analeta mabasi mawili ya waendeshaji, na ameshabandika picha za korongo mji mzima.

"Mchanga wa korongo una hati ya nani?" akaniuliza.

"Visima vina wenyewe, mzee."

"Hao akina mama tutawapa fulana za njano. Watasimama pembeni wanapunga mikono. Wageni wanapenda vitu kama hivyo."

"Na maji?"

"Binti, mimi nimekuchukua kwa ajili ya baba yako. Niletee hiyo njia."

Njia ilikuwa kwenye simu yangu tu, sikuwa nimeituma kwa mgeni yeyote. Bila hiyo hakuna atakayeupenya ule msitu akatokea korongoni. Nikasema siitoi. Ndipo alipokupigia, na wewe ukanipigia, na hukuuliza hata swali moja.

Nikukumbushe jambo, na usinikasirikie kwa kukukumbusha. Nilikuwa darasa la tatu nilipoacha lango la ndama wazi, wakaingia kwa jirani yetu mama Tupoki wakamaliza maharage. Hukunichapa. Ulinishika mkono hadi kwake, ukanisimamisha mbele yake, ukasema, "Huyu ndiye aliyeacha wazi." Kisha ukanirudisha kila jioni nipande naye mstari mmoja mpaka shamba likajaa. Nilikuchukia wiki nzima. Nilidhani ulinifundisha kitu ambacho nawe unakiamini. Jumapili nilikaa chumbani kwangu Area D na simu mkononi, nikajiuliza kama ulifanya vile kwa sababu ya maharage, au kwa sababu mama Tupoki aliishi karibu na angesema. Swali hilo linaniumiza kuliko lile jiwe lingeniumiza. Ukilijibu, lijibu kwa maandishi, usinipigie.

Mpe mama salamu zangu, mwambie nimepata dawa ya macho aliyoniagiza. Msalimie shangazi Tumwike anayeuza ndizi stendi, na kaka Lusajo, mwambie fundi asiyefunga breki vizuri asijisifu kwangu tena. Mwalimu wangu wa kwaya naye asisahauliwe.

Uliniambia niombe radhi kabla Jumatatu haijaisha. Niliomba. Asubuhi niliingia ofisini kwa Ambakisye, nikaelekeza kioo cha simu upande wake ili aone, nikaifuta njia ya korongo. Ile ya mgongo wa mlima nilimwachia mezani pamoja na funguo za ofisi na baiskeli yake. Alisema nitalia. Nikapanda gari, nikateremka, nikatembea hadi korongoni na panga.

Mama Ndahani alikuwa shimoni. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyeacha wazi." Hakusema amenisamehe. Alinitazama nikikata matawi ya mgunga, akaniacha nipange mlango wa kwanza, kisha akauvuruga kwa mguu. "Shina ndani, miiba nje," akasema. "Unamfungia ng'ombe au unanifungia mimi?"

Nikapanga upya. Milango yote sita nikaimaliza, na visima viwili vilivyoporomoka nikavifukua naye hadi jua likazama. Vidole vimevimba, miiba mingine bado imo ndani, na ndiyo hali ya mwandiko huu. Kesho narudi, cha kwake bado hakijafika majini.

Mwanao,
Atupele