Nani Alikaza Gurudumu la Bagalwa?

Kibumba, 8 Juni 2025

Kwa Papa yangu Habarurema Barthélemy, Mabanga, Goma,

Papa, salamu mingi toka kwangu mimi Fiston, toka kwa bibi yangu Charline, na toka kwa Jolie, mutoto wetu, ambaye amefikisha miaka mbili na hujamuona. Mama Valérie anaendeleaje na magoti yake? Na wewe, kile kikohozi? Sisi tuko wazima, ni baridi tu ya huku inatutesa.

Simu zangu hushiki, kwa hiyo naandika. Darius, mwenye gari ya jeep, atakutia barua hii mukononi.

Tulirudi Kibumba toka kukimbia vita mwezi wa tatu, tukakuta nyumba ya wakwe zangu haina mabati wala mulango. Darius alikuwa na karavani, ile nyumba ya magurudumu mawili ambayo wazungu wanavuta nyuma ya gari wakienda kutembea. Muzungu mwenye karavani alirudi kwao, akamuachia Darius kule Gisenyi. Sasa ndimo tunalala, na ndimo Charline anashonea uniforme za shule. Siku za soko Darius anatuvuta mpaka Rugari, siku zingine mpaka Rumangabo.

Shida ni gurudumu la kushoto. Linalia kama mashine ya kusaga unga. Najua ni rulema, ile pete ya chuma inayozungushia gurudumu, imekauka grisi. Fundi hapa hakuna. Na mimi, Papa, sijashika gurudumu la mutu tangu remorke ya muteja wetu Bagalwa, lile tela la kuvutwa na gari, ilipopinduka na viazi vyake na kumuvunja muguu. Ulisema mbele ya wateja wote wa garage yako kwamba mukono wangu utaua watu. Nilikuamini. Miaka mine hii nabeba magunia. Lakini kitanda cha Jolie kiko juu kabisa ya gurudumu hilo, na usiku silali vizuri. Niandikie namna ya kufanya, sawa vile unamuandikia mutu asiyejua kitu.

Mutoto wako, Fiston


Mabanga, 15 Juni 2025

Fiston, jambo.

Mama yako amesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, makusudi nisikie. Magoti yanamuuma, mudomo haumuumi. Mimi nakohoa lakini nakula. Musalimie Charline.

Kwa hiyo umekuwa konokono, unatembea na nyumba mugongoni. Haya. Sikiliza vizuri, juu sitaandika mara ya pili.

Weka mawe nyuma ya gurudumu la pili, kisha inua karavani na kriki. Mutoto asibaki ndani, hata kama analala. Toa kikofia cha katikati, nyoosha kile kipini kinachoshika ekru, yaani nati, kitoe na ukitupe, kipini cha zamani hakirudi kazini. Fungua ekru, vuta gurudumu. Rulema ziko mbili, ya nje na ya ndani. Zioshe na mafuta ya mazout mpaka uone chuma chenyewe. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye kidonda, rulema imekufa, usiibembeleze. Kama ni nzima, ikaushe. Weka grisi kwenye kiganja, si kwa kijiti, kwenye kiganja, uisukume rulema ndani yake mpaka grisi itokee upande wa pili. Ukipaka juu tu umepaka mukate.

Kisha rudisha vyote na ukaze. Hapo ndipo vijana wanaharibu. Barabara yetu ni ya mawe ya volkano, kitu kikicheza kidogo kinakatika. Ingiza bomba kwenye kle ya kukazia ekru ili iwe ndefu, ukaze kwa uzito wa mwili wako mpaka gurudumu lisicheze hata kidogo. Ndivyo nilivyofanya na malori miaka makumi tatu.

Nakutumia kopo ya grisi na rulema mbili mupya za akiba. Huko juu najua wanapaka mawese, usinipe aibu. Na huyo Jolie anafanana na nani?

Papa yako


Kibumba, 6 Julai 2025

Papa, salamu. Mungu awalinde nyote wawili. Jolie anafanana na wewe, hasa akinyimwa kitu. Tumshukuru Mungu ni muzima. Nitakuambia kwa nini nasema hivyo.

Nilifanya kila kitu ulichoandika. Nilipoweka grisi kwenye kiganja nililia kidogo, Charline akajifanya haoni. Rulema za kushoto zilikuwa na vidonda, nikatia zile mupya. Nikakaza na bomba mpaka mishipa ikasimama shingoni. Alhamisi tukaondoka.

Mbele ya Rugari Charline akasikia harufu. Nikapiga kelele Darius asimame. Katikati ya gurudumu kulikuwa kunatoa moshi, niligusa nikaungua vidole viwili. Jolie alikuwa amelala juu yake. Charline alimutoa kupitia dirisha, hakungojea mulango.

Dereva mumoja wa lori akasimama kutusaidia, mutu wa Butembo. Tulipofungua, rulema ilikuwa imegeuka rangi ya buluu. Akaniuliza nani alinifundisha kukaza hivyo. Akasema: unakaza huku unazungusha gurudumu ili kila kitu kikae mahali pake, kisha unalegeza, kisha unarudisha ekru kwa vidole tu. Gurudumu linabaki na kamchezo kadogo sana, maana chuma kikipata moto kinavimba, na kikikosa nafasi kinajiunguza. Alikuwa amebeba rulema za akiba za kipimo chetu, akatufungia. Tukafika Rumangabo, nikagusa: vuguvugu tu, sawa kikombe cha chai kilichosahauliwa.

Sasa Papa, buluu ile niliiona mara moja tu maishani. Niliokota rulema ya Bagalwa barabarani siku ile, ilikuwa buluu vilevile, nikafikiri ni mafuta. Na nakumbuka vizuri: siku ile bomba lilikuwa kwa lori ya mutu mwingine, kwa hiyo gurudumu la Bagalwa nililikaza kwa vidole, nikaliacha na kamchezo, nikaenda kula. Miaka yote hii nimejua nililiacha legelege, ndiyo maana sikujitetea. Lakini gurudumu legelege haliungui hivyo.

Papa, nilipokwenda kula, nani alikaza gurudumu la Bagalwa?

Mutoto wako, Fiston


Kibumba, 3 Agosti 2025

Papa, nakusalimu, na Mama pia. Sisi tuko wazima.

Darius anasema barua ulipokea, ukaisoma ukisimama, ukaitia mufukoni, na hukumuuliza kitu, hata maji hukumupa. Hiyo si tabia yako. Sitaki kukushitaki kwa watu. Nataka kujua tu kama mukono wangu ni mubaya au si mubaya. Charline ananiambia niguse magurudumu ya majirani, wako na haja, na mimi bado naogopa.

Fiston


Mabanga, 24 Agosti 2025

Mwanangu Fiston,

Pokea salamu za papa yako. Sitakuuliza habari ya afya kwanza, juu nikianza na afya nitaishia kwenye afya, sawa vile nimefanya na karatasi saba ambazo mama yako amewashia moto.

Ni mimi. Ulipokwenda kula nilipita, nikashika gurudumu la Bagalwa, likacheza kidogo. Nikasema mutoto huyu ni muvivu. Nikaenda kuomba bomba kule kwenye lori, nikakaza kwa uzito wote. Sikukuambia. Watu walipokuja wakisema Bagalwa yuko hospitali, wakauliza nani alifunga gurudumu lile, mudomo wangu ukatoa jina lako. Sikujua kwamba kukaza ndiko kuliua rulema, hilo naapa. Malori makubwa yalikuwa yanavumilia, au labda hayakuvumilia na mimi sikuambiwa. Lakini nilijua mukono wa mwisho ulikuwa wangu. Nilijua siku ile. Kila simu yako ilipolia nilijua, ndiyo maana sikushika.

Na nimekuandikia kosa lilelile, na mujukuu wangu akalala juu yake. Tangu barua yako sijakaza kitu. Wateja nawaambia nina homa.

Jumatano nilikwenda kwa Bagalwa. Anauza unga karibu na soko, anatembea na fimbo. Nilimuambia yote. Aliinua fimbo ile, nikafikiri atanipiga, na ningekubali. Akasema, "Barthélemy, miaka mine nimemulaani mutoto wako bure." Ni hilo tu. Habari ya muguu wake hakusema.

Jumamosi, garage ikiwa imejaa watu, nilipanda juu ya lile jiwe la mulangoni nikasema gurudumu la Bagalwa nililikaza mimi, Fiston alilifunga vizuri nikaliharibu. Wawili walichukua magari yao wakaondoka. Ni haki yao.

Nisamehe, mwanangu. Kama huwezi sasa, nitangojea, mimi ndiye nilikufundisha kungojea miaka mine.

Na kitu kimoja tena, si mimi ninayekuomba. Bagalwa amepata remorke nyingine, ndogo, ya unga wake. Inalia. Watu watatu wamemuomba kuitengeneza, amekataa. Amesema itafunguliwa na Fiston, na mutu mwingine asiiguse.

Papa yako


Kibumba, 31 Agosti 2025

Papa,

Salamu kwako na kwa Mama. Nilisoma barua yako shambani, nikakaa kati ya viazi mpaka Charline akaja kunitafuta. Sitakudanganya, hasira ninayo. Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa kijana wa miaka makumi mbili na mbili, Papa, na nilipita mbali na magari ya watu sawa vile mwizi anapita mbali na soko. Hilo tutaliongea tukiwa tumekaa, na utanisikiliza mpaka nimalize.

Jana nilifungua gurudumu la jirani yangu, mama Katungu, la kile kigari chake cha kabichi. Nililifunga kwa vidole tu, na sasa halilii.

Jumamosi Darius anatuvuta mpaka Goma, kupitia muteremko uleule ambapo remorke ya Bagalwa ilipinduka. Magurudumu yote mawili nimeyafunga mwenyewe. Muambie Mama atengeneze mahali pa karavani uani, na umuambie Bagalwa atoe remorke yake nje mapema, nitaanza nayo kabla ya chai.

Mutoto wako, fundi Fiston