Paka wa Darini na Gazeti Lako

Baba Harith,

Salaam nyingi huko uliko. Nnajua ungekuwepo ungesema, "Haya, kaanza." Ndiyo, nimeanza. Nimekaa majlis ya wageni, kwenye kiti chako kile alichokuwa hakikalii mtu, na kila nikiandika maneno mawili nnanyanyuka kwenda kuangalia juu. Leo ndo inajulikana kama nnabaki nyumba hii ya Ghubra au nnahamishwa Bawshar kwa mwanao, na atakayetoa hukumu ni gazeti. Tulia nikueleze tokea mwanzo, maana wewe ukielezwa kutoka katikati ulikuwa unanuna.

Tumekuzika, nyumba bado imejaa masufuria ya watu, nkaanza kusikia kitu juu ya dari hii ya majlis. Baada ya Adhuhuri, watu wote wamelala. Kwaru, kwaru, kimya. Halafu kitu kinakimbia toka upande wa mlango mpaka upande wa dirisha. Na mimi ndo nimo ndani ya eda, nguo nyeupe, manukato sijipaki, mlangoni sitoki, nimewekwa tu kama mzigo wa bandarini ulokosa mwenyewe. Unanijua mimi na kukaa. Nkamwita dada yako, wifi Asila, ndo alokuja kukaa na mimi muda wote wa eda. Akasikiliza, akavuta tasbihi yake, akasema, "Wifi yangu, huyo ni yeye. Roho haiwachi nyumba yake upesi."

Usicheke. Siku ile nlilia na nkafurahi, vyote pamoja. Nkavuta mkeka chini ya dari nkakusalimia. Nkakupa khabari za msibani, nani kaja, nani hakuja, nani kala mara mbili na kufunga cha kwenda nacho. Ukakwaruza. Kisha ukakimbia. Hapo nkaingiwa na shaka. Nkamwambia Asila, "Wifi, Baba Harith hajakimbia hata siku jiko liliposhika moto. Alisema nnakuja, akamaliza kwanza chai yake." Asila akanuna. Hajamaliza kununa, dari ikalia nyau.

Harith akapanda juu na ngazi akaona mambo yako. Ile tundu ya AC ya zamani, uloitoa mwenyewe ukasema utaiziba Ijumaa. Ijumaa ngapi hizo, baba. Paka anatoka ukutani, anaruka juu ya tangi la maji, anaingia kwenye tundu kama mlango wa kwao. Harith akasema, "Mama, kesho nnaleta watu wa dawa." Asila akaruka, "Wanaume wa nje kwenye nyumba ya eda? Haingii mtu hapa." Na mimi dawa sikuitaka. Mnyama afie juu ya kichwa changu ninuke mimi? Harith kuona hivo akamvizia paka katoka, akaibandika tundu ubao, misumari, akashuka anapangusa mikono. "Ishakwisha hiyo, mama."

Siku ya pili yule paka yupo juu ya ukuta, kaelekeza uso kwenye nyumba, analia sauti ya kukata maini. Na ndani ya dari vikajibu vidogo vidogo. Baba Harith, kumbe ana watoto humo. Nkamkumbuka yule mwanamke wa kwenye hadithi alomfunga paka mpaka akafa njaa, unajua aliishia motoni. Halafu nkakukumbuka wewe.

Unakumbuka Harith alipokuwa bado mdogo anavaa kanzu za shibri, paka akazalia kwenye dari ya stoo? Nlikupigia kelele uzibe siku ile ile. Ukanitazama ukasema, "Mama Harith, ukimfungia mama nje, umewazika watoto. Gazeti kwanza, saruji baadae." Ukaiwasha taa ya stoo ikakesha, ukaipandisha redio yako humo darini, ile ilokuwa inazungumza tu kutwa. Paka akachoka na kelele. Tukakaa kwenye ngazi ya jikoni tukamtazama anawatoa wanawe mmoja mmoja kwa mdomo, Harith anataka kupiga makofi umemziba mdomo. Kisha ukafinyanga gazeti ukalisokomeza kwenye tundu, ukaliwacha. Ukasema likisukumwa, ndani bado yupo mtu. Likikaa vile vile, nyumba yetu. Ndo ukatia waya na saruji.

Nkakwambia, "Masikini, redio yako inatesa hata wanyama." Ukanambia, "Redio ya nini. Ningekupandisha weye darini wangehama kabla ya Alasiri." Nlikununia mpaka Magharibi. Mpaka Isha, kusema kweli.

Basi nkampigia Harith kazini. "Njoo ufungue." Akasema, "Mama, nna mkutano." Nkamwambia, "Na mie nna watoto wa watu wanakufa juu ya kichwa changu, njoo." Kaja. Kung'oa ubao tu, hajashuka ngazi, mama mtu keshampita ubavuni kaingia.

Akashuka akanikalisha chini kama mkubwa. "Mama, nyumba hii ishachoka. Leo paka, kesho bomba. Ukitoka eda utakuja kwangu Bawshar, chumba tayari." Mwanao mwema, na mkewe mwema, sina la kusema, na unajua mimi la kusema huwa nnalo. Lakini kule kila mtu asubuhi yumo garini, kuta ndefu, jirani humjui ila kwa rangi ya gari yake. Hapa nikikohoa tu, Mama Thuwaiba ng'ambo ya ukuta ananiuliza kama nimekunywa tangawizi. Nkamwambia Harith, "Tufanye hivi. Eda ikiisha na dari bado inakwaruza, ntakuja. Ikiwa kimya, usinitajie tena Bawshar." Akasema sawa kwa upesi, nkajua ameona kashashinda. Akatupia macho dari akacheka kidogo, kicheko chako kile kile cha pembeni.

Nkataka redio. Asila akasema redio na eda, watu watasemaje. Nkasema basi tuweke Qur'ani. "Qur'ani ya kufukuzia paka? Wifi, muogope Mungu." Hapo nkabaki nimesimama katikati ya majlis, sina redio, sina wewe, na yale maneno yako ya kunipandisha darini yananirudia. Nkakivuta kiti chako chini ya pale walipo, nkaleta birika la kahawa, nkafungua mdomo.

Nliwaambia yote, Baba Harith. Yule jirani wa mlango wa kijani alonunua sofa haliingii mlangoni, mpaka leo liko barazani limevishwa shuka kama bibi harusi. Mama Thuwaiba anavyomficha mumewe bei ya pazia. Harusi ile ya Seeb wali ulivyoungua, na nani aliuunguza kisha akamsingizia mpishi. Nkianza baada ya chai ya asubuhi sinyamazi ila kwa sala. Maneno yakiniishia nnampigia simu mtu namuweka sauti kubwa, namnyanyua juu na mkono. Asila mwanzo alijiziba masikio. Akawa anasogeza mkeka. Kisha nkamsikia, "Huyo wa sofa, mumewe kasemaje lakini?"

Asubuhi moja Asila akaniita jikoni kwa kunong'ona. Paka yupo ukutani na mtoto mdomoni. Anakwenda kwenye ile nyumba ya pili ambayo hawaimalizi kujenga. Akarudi, akamchukua mwengine. Tumeshikana mikono mimi na dada yako dirishani kama tunatazama bibi harusi anatolewa. Wa mwisho mweusi kama mkaa, alimwangusha juu ya tangi akamuokota tena. Harith akaja akasokomeza gazeti, moja katika yale yako ulokataa yatupwe. Hakuuliza kwa nini. Alikumbuka.

Leo ndo anakuja kuliangalia. Kesho nnatoka eda.

Ngoja, nimesikia kitu.

Friji. Toka jana friji lishanisimamisha mara sijui ngapi. Na nikwambie jambo sijamwambia Asila. Toka wahame, mimi ndo situlii. Nnazunguka majlis, jikoni, majlis. Nnataka gazeti liwe mahala pake nibaki kwenye nyumba yangu. Halafu nikikaa kimya nnategea masikio angalau dari ikwaruze mara moja tu, nijue juu kuna mtu.

Gari ya Harith hiyo.

Kashuka sasa hivi. Alipanda, nkasimama chini ya ngazi ndani ya ua nimeishika kwa mikono miwili. Akasema toka juu, "Mama, lipo vile vile. Hata kona haikupinda." Nkasikia anakoroga saruji. Nkapiga kelele, "Waya kwanza!" Akacheka kule juu, "Sawa, baba."

Akanawa mikono, akaja akakaa kwenye kiti chako. Nimemwacha akae. Akasema, "Haya mama, Bawshar nimenyamaza. Lakini shangazi kesho anarudi kwake, paka wamehama. Utakuwa unasema na nani?"

Nkamwambia, "Na yule yule. Aliyehama kwa maneno yangu ni paka, mwanangu. Baba yako nlimsemesha tokea siku ya ndoa, na alitoka humu kwa kubebwa."

Akainamisha kichwa, mwanao. Nkampa kahawa, nkaanza kumueleza ya sofa. Hakuondoka mpaka imekwisha.

Lala salama, baba. Nikikumbuka zaidi ntakwambia.

Mimi redio yako,
Mama Harith