Nondo za Duka la Masele

Mwakitolyo,
4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mdogo wangu Juliana hamjambo hapo Kambarage. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umenichafuka. Barua hii nampa Januari, dereva wa lori la soda, kwa sababu tajiri wetu Masele anatunyang'anya simu kila asubuhi. Eti tunachati badala ya kuuza.

Mama, hili duka linanitia kinyaa. Madumu ya petroli ya pampu za wachimbaji yamepangwa chini ya kaunta, miguuni petu, na Masele anavutia sigara papo hapo. Jana mchimbaji mmoja, Bujiku, alinizaba kibao kwa sababu nilianza kumhudumia mama aliyemtangulia. Unajua Masele alifanya nini? Alimfungulia Bujiku soda baridi, ya bure, ili asiondoke na hasira! Mimi nikaambiwa nifute machozi, nafukuza wateja. 

Mimi na mwenzangu Mwahija tulimwomba aweke nondo kwenye kaunta, tuuzie dirishani kama maduka ya mjini. Amekataa katakata. Wachimbaji wa hapa wanaamini ukipokea kitu kupitia nondo umejifungia mwenyewe, ukishuka duarani, yaani shimoni kwao, kuchimba dhahabu hutoki. Masele anasema hawezi kukimbiwa na wateja kwa ajili ya kibao kimoja. Zungumza naye, Mama. Wewe anakuheshimu, mmeimba kwaya moja.

Mwanao,
Melania

*

Kambarage,
9 Machi 2024

Mwanangu Melania,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mvua imetugomea na mahindi yananyauka. Juliana anakusalimu sana.

Nimempigia Masele. Amecheka, anasema huyo Bujiku ana utani tu, na kwamba wewe ni mwepesi wa kulia. Mayu, mwanangu, vumilia kidogo. Kazi gani haina karaha zake? Ukimwona Bujiku anakuja, mhudumie yeye kwanza aende zake. Mvumilivu hula mbivu.

Mama yako

*

Nyasubi, Kahama,
2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo? Niko kwa shangazi. Ningekupigia kwa simu yake, lakini taya limevimba, maneno hayatoki.

Hizo mbivu nimezila, Mama, na meno mawili sinayo tena. Bujiku alikuja amelewa, akataka sigara. Nikamwambia asiiwashe karibu na petroli. Akanyakua jiwe la mizani pale kaunta akanitwanga nalo usoni. Nilipokuwa chini nilimsikia Masele akiagiza maji upesi. Nikadhani ni ya kunipa mimi. Kumbe ya kuosha kaunta, wateja wasione damu! Januari ndiye aliyenibeba hadi kwenye lori. Bujiku ametoroka, polisi wanasema wanamtafuta.

Masele amemwambia Januari kwamba atakuja kumchukua Juliana ashike nafasi yangu. Usimtoe, Mama, nakusihi. Na Mwahija je? Yuko pale peke yake.

Mwanao,
Melania

*

Kambarage,
12 Aprili 2024

Mwanangu,

Pole, tena pole sana. Shangazi yako ananiambia uji sasa unapita. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Masele alikuja kweli, na kreti la soda kama pole. Kabla hajamaliza kunywa maji niliyompa, akaulizia Juliana. Nililibeba lile kreti mwenyewe nikalitua barabarani. Nikamwambia akanywe na Bujiku.

Kesho yake nikaenda Mwakitolyo. Nilijifunga kaniki nyeusi, nikaketi kwenye kigoda mlangoni pa duka. Kila mchimbaji aliyekuja nilimwamkia vizuri, nikamwambia, "Hapa imemwagika damu ya binti yangu, na mimi mama yake sijairidhia. Nunua tu, baba, kisha ushuke nayo duarani." Mungu anisamehe, mimi kiongozi mzima wa kwaya! Lakini hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti. Kufika mchana foleni yote ilikuwa ng'ambo, kwenye kibanda cha Maganga, mshindani wa Masele.

Masele akatoka jasho linamtiririka, ananiita dada, ananiuliza nataka nini. Nikamwambia nondo. Petroli ikakae nje, kwenye banda lake. Mwahija arudishiwe simu yake. Wachimbaji walikuwa wanasikiliza, na mzee mmoja akasema bora nondo kuliko damu ya mtoto wa mtu. Fundi wa kuchomelea aliitwa saa ile ile. Mwahija alipoketi nyuma ya dirisha, nikasimama mbele yao wote nikasema nimeridhia. Wakanunua. Walinung'unika, lakini walinunua.

Simu yako ninayo hapa.

Ile siku ya kwanza uliponiandikia, mimi nilikuambia uvumilie. Jambo hilo linanirudia kila nikikaa kula.

Nilipokuwa naondoka, Masele akaniuliza kama sasa roho yangu imetulia. Melania, damu yako aliiosha kwa ndoo moja ya maji akaendelea kuuza. Hakuiogopa mpaka ilipomfukuzia wateja. Nilitema mate mlangoni pake, nikapanda gari nikarudi nyumbani.

Mama yako