Presha ya Saa Saba Mchana

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini goti limepungua uvimbe, na kwamba bado unamgombeza yule bwana wa mazoezi anayekuhesabia "moja, mbili" kama uko chekechea. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na sababu ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Nilikwambia wamenitoa wodi ya wagonjwa mahututi kwa miezi mitatu, nimsaidie daktari mtafiti. Tunamwita Darubini, kwa jinsi anavyoisogelea kompyuta. Anapitia kumbukumbu za wagonjwa za miaka minne, majina yakiwa yamefutwa, apate kujua kama presha huanza kuteleza mapema kabla mgonjwa hajazidiwa. Akiiona dalili hiyo, wauguzi wataonywa mapema na watu watapona. Kazi yangu ni kumweleza tunavyojaza fomu zetu.

Juzi aliniita. Alisema kuna wagonjwa arobaini na mmoja ambao presha yao imeandikwa ileile kwa saa tatu mfululizo. Akauliza, bila kunitazama, kama mwili wa binadamu unaweza kutulia hivyo. Nikamjibu hauwezi. Akanieleza kwamba mashine ya kando ya kitanda huhifadhi vipimo vyake yenyewe, dakika kwa dakika, na sasa ameviweka sambamba na tulivyoandika sisi. Akafungua kumbukumbu ya kwanza: mwanamume, miaka hamsini na miwili, kitanda cha sita, maambukizi kwenye damu. Tarehe niliijua kabla sijamaliza kuisoma. Dada, alikuwa shemeji, mumeo.

Siku ile tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda vinane. Kitanda cha pili alikuwepo mama aliyekuwa akitoka damu baada ya kujifungua, nikakwama kwake. Mashine ya shemeji ilikuwa ikilia ovyo tangu asubuhi, nikaizima sauti. Saa saba sikumpima. Saa nane sikumpima. Nilipopita kwenye kompyuta nikanakili tarakimu za saa sita, nikahifadhi. Niliporudi kwake saa tisa mikono yake ilikuwa baridi. Mashine inaonyesha presha ilianza kushuka saa saba na dakika kumi.

Nikakufuata pale kwenye benchi la ukumbini, nikakwambia ametutoka, presha imeshuka ghafla, hakuna ambaye angejua. Ukasema kosa ni lako, kwamba ulichelewa siku mbili kumleta. Miaka mitatu nimekusikia ukizirudia siku mbili hizo, nami nimenyamaza. Dada, shemeji alifika akiongea, na presha yake ilikuwa nzuri hadi mchana. Alichelewa mikononi mwangu.

Nilimwambia Darubini yote. Akasema, "Sijui kama angepona. Ninachojua ni kwamba saa mbili zilipotea." Kwenye utafiti atatumia vipimo vya mashine, vyetu ataviweka kando. Jana niliandika maelezo kwa muuguzi mkuu, nikasaini. Huenda nikasimamishwa.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Nitakuja Jumamosi asubuhi. Ukitaka kuniona, acha mlango wazi. Ukiukuta moyo haujawa tayari, funga mlango, nami nitarudi bila kugonga. Wasalimie wanao, waambie mama mdogo anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kidoti