Kaburi Lako Liko Ndani ya Mita Sitini

Baba,

Tangu utuache, umetajwa mara moja tu kwenye mkutano wa kijiji, na ulitajwa wa kwanza. Ungefurahi, maana ulipenda kutajwa. Mwenyekiti alitangaza kwamba bikoni za mpaka zinawekwa kando ya mto, na kila shamba lililo ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji halilimwi tena. Watu wakanigeukia mimi, mwenye cheti na kazi ya kuulinda mto. Mzee Ruhaga, jirani yako wa bondeni, akasema kwa upole kabisa, "Tuanzie kwa baba yake."

Unakumbuka uliponipeleka chuoni Kasulu? Ulibeba gunia la maharage begani tangu stendi, ukakataa bodaboda, ukamwambia mlinzi wa getini kwamba binti yako amekuja kusomea mito. Mlinzi akacheka, akauliza mto unasomewa nini. Ukamjibu kwamba nitakuja kuufundisha adabu. Maharage yale yalitoka bondeni, na ndiyo niliyoyala mpaka nikamaliza kozi. Darasani nikafundishwa kwamba jembe linalolima ukingo linaangushia mto udongo, na kwamba mikaratusi uliyoipanda pale inakunywa maji mchana na usiku. Likizo nilikueleza yote. Ulinisikiliza vizuri, ukauliza na maswali. Nikadhani umeelewa, kumbe ulikuwa unatafuta pa kupenyea.

Ukapapata. Ulipolazwa hospitali ya Kabanga ulimwita baba mdogo, ukamwagiza uzikwe bondeni kwenye maharage yako, siyo kule juu nyumbani alikolala babu. "Pakiwa na kaburi hawatathubutu," ulisema. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pako, ukanitazama unatabasamu. Ulijua bikoni zinakuja kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia. Ulichukua masomo yangu ukanitegea mimi mwenyewe. Siku tuliyokuzika nilikulilia, Baba, na nilikuchukia, vyote kwa pamoja.

Na hesabu yako haikuwa sawa. Kaburi haliguswi, ni kweli, lakini haliachiwi shamba la kulizunguka. Wazee wengine hawajajua hilo. Nasikia Mzee Ruhaga naye ameshawaagiza wanawe wamzike kwenye kabichi zake.

Siku ya kupima nilishika ncha ya tepu pale majini, mwenzangu akapanda nayo. Ilipita juu ya maharage, wakati huo yametoa maua, ikafika kwako. Mama alikuwa amekaa juu ya saruji ya kaburi, miguu ameinyoosha. Hakusogea.

"Pima, mwana wanje," alisema, bado akiniita mwanawe kwa lugha ya nyumbani. "Mpime na baba yako."

Tepu ikapita mapajani kwake. Mita sitini zilikwenda kuishia kule juu kwenye migomba, na shamba lote lilikuwa ndani.

Mwenyekiti alinivuta pembeni, akaniomba nimwache mjane avune kwanza. Ningeweza. Lakini Mzee Ruhaga na wenzake walikuwa wamesimama wananitazama mdomoni, na kama ningemwachia Mama, wote wangepanda upya kabla ya jioni. Nikasema yang'olewe. Mstari wa kwanza niling'oa mimi. Maharage yaliyonisomesha, nikayatupa chini na maua yake.

Tangu hapo Mama ananiita Afisa. Ananipikia, ananimiminia maji ya kunawa, ananiambia karibu chakula, Afisa. Analima kule juu kwenye mawe, na ule mgongo wake unaujua. Mikaratusi yako imekatwa, nimepanda mikuyu. Kiangazi hiki kisima cha chini hakikukauka, na wanawake wa kule wanateka bila kufukua mchanga. Hakuna aliyenishukuru. Wanasema mvua zilikuwa nzuri.

Mama ameniomba kitu kimoja tu. Anataka kushuka na jembe apalilie kaburi lako kabla ya misa ya kukukumbuka, kama tulivyokuwa tukimfanyia babu. Nimemkatalia. Jembe moja likipita kwa ajili ya kaburi, kesho bonde zima litakuwa na watu wanaopalilia makaburi yasiyo na mtu ndani. Wewe ungekuwa wa kwanza kulifikiria hilo. Akasema, "Umefanana naye." Sijaambiwa neno lililonichoma kama hilo, na nilitamani uwepo ulisikie.

Basi lala, Baba. Ulichagua mwenyewe kukaa pale, na sasa kila mtu ametoka ndani ya mita sitini, umebaki peke yako na mikuyu. Naahidi hakuna jembe litakalokukaribia nikiwa hai. Nikimkuta Mama amekuja nalo nitamnyang'anya, ndipo nitapiga magoti niyang'oe majani yako kwa mikono, na yeye akiwa amesimama ananitazama.

Mwanao,
Afisa