Tumbo Gani Itanirudisha Bukavu

Papa Neema,

Nakusalimia kutoka huku Liège. Kifua chako kinakusumbua bado mvua ikianza? Unavaa ile pulovere niliyokutumia, ao ulimupa mutu ili uonekane mukubwa? Na paa ya upande wa jikoni, umeitengeneza ao ingali inavuja? Unijibu kila swali. Usiniambie "tuko muzuri" kama vile unasemaga kwa simu. Mimi nikisema niko muzima nitakuwa nadanganya.

Ninaandika mwenyewe. Nilifika darasa ya tatu primaire tu, lakini herufi sikusahau. Neema sikumuomba aniandikie, na kwa simu sitaki, juu ya sababu simu ni yake. Barua hii inabebwa na mama mumoja wa kanisa, anapitia Kigali. Uisome peke yako, usiite majirani.

Sasa sikiliza. Magoti yangu imekwisha. Kutoka kitandani mupaka chooni nashika ukuta. Munganga wa magoti alinipandisha juu ya mizani, akamuangalia Neema, mimi hakuniangalia. Akasema hatapasua goti hata moja mbele ya kupunguza mwili. Nilikula majani mwaka muzima kama mbuzi, mwili haukutoka. Njo akatutuma kwa munganga wa kupasua tumbo.

Mwili huu, Papa Neema! Ule ulikuwa unautembeza ndani ya harusi za watu, unawaambia wenzako, "Muone, kwangu watu wanakula." Sikukuona hata siku moja ukiubeba kupanda ngazi ya kwetu pale Nyalukemba. Magoti yangu njo yalikuwa yanaubeba, na bassin ya matumbo ya kuuza juu ya kichwa.

Huyo munganga wa tumbo alichora tumbo kwa karatasi, anionyeshe. Mimi! Mutu aliyeosha matumbo ya mbuzi na ya ng'ombe soko ya Kadutu mupaka vidole vikawa vyeupe! Nikamwambia, "Endelea, hiyo naijua, nionyeshe kisu inapita wapi."

Akasema kuko namna mbili. Namna ya kwanza, wanakata tumbo kwa urefu, inabaki nyembamba kama mukono wa shati, na sehemu ile kubwa wanaitupa. Nikauliza, "Munatupa wapi?" Neema akanifinya paja. Namna ya pili, wanatenga kipande kidogo kule juu, kama yai, wanakiunganisha na utumbo wa chini. Ile tumbo kubwa wanaiacha ndani. Haipewi chakula tena, lakini haitoki. Nikasema, "Hiyo ni mimi, ndani ya chumba cha nyuma kwa Neema." Neema hakutafsiri.

Munganga alipenda ile ya pili. Alisema mimi niko na kiungulia, na ile ya kwanza inaweza kukizidisha, na tena ya pili ni muzuri kwa ugonjwa wangu wa sukari. Neema akaruka, "Hiyo, Mama! Hiyo ya pili." Nikashangaa. Neema huyu akitaka viatu anazunguka maduka tano na anarudi bila kununua. Tumbo ya mama yake akaichagua kabla karatasi haijakauka.

Basi na mimi nikatafuta kwa namna yangu. Kanisani kuko Mama Zawadi, mutu wa Uvira, wazazi wake wauza vitambaa. Zamani alikuwa anajaza kiti mbili, leo anajaza nusu. Nilimuvuta mu choo cha wanawake nikamwambia, "Fungua blauzi, nione." Akacheka mupaka machozi. "Wewe mama, huna haya!" Akafungua. Vidoti tano tu, vidogo, kama mutu alichomwa na makaa. Yake ni ile ya pili. Akafungua na sakoshi yake: vidonge vya asubuhi, vya muchana, karatasi za kupima damu.

"Mupaka lini?" nikamuuliza.

"Mupaka kaburini, dada yangu. Nilienda kumuzika mama yangu kule Uvira, barabara ikafungwa, nikakwama miezi minne. Vidonge vikaisha. Nywele zikatoka, miguu ikafa ganzi, nikaanguka mbele ya wageni wa kilio. Mbele ya kutia saini, uliza ile inaweza kuishi kwenu."

Randevu ya pili sikungoja Neema atafsiri. Kifaransa changu ni cha soko, lakini kwa kifaransa kile nililisha nyumba yako. Nikamuuliza munganga, "Ni gani inaweza kurudi nami Bukavu?"

Akafungua dosye, akamuangalia Neema. Akasema, "Madame, binti yako alituambia unabaki huku. Iko imeandikwa hapa. Kama unarudi kule, sikupi shauri lile lile."

Nilimugeukia Neema. Alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mama, Papa njo alisema. Nilimupigia mbele ya randevu ya kwanza, akaniambia: chukua ile itamushika kule Liège."

Ile itamushika kule. Papa Neema, maneno yale yalitoka mu kinywa chako? Miaka tatu nimekuja kulea watoto wa Neema. Ulinisindikiza mupaka mupakani Ruzizi, ukaniambia "utarudi kabla hujamaliza sabuni." Kila mwezi nakuuliza kwa simu nirudi lini, na wewe unanielezea bei ya makala ya kupikia.

Najua vita ilifika mujini. Najua Kavumu ndege hazishuki, na pharmacie ya pale chini haina hata dawa ya homa. Kama uliogopa juu yangu, ungesema, "Mama Neema, ninaogopa." Kinywa chako hakingeoza. Na kama ulizoea kulala katikati ya kitanda, hiyo pia ungesema. Lakini kunifunga huku kwa tumbo yangu mwenyewe, na kumutuma mutoto ashike kamba? Mbuzi tunaiuliza zaidi, tunaipigapiga mbavu kwanza.

Neema alilia ndani ya gari. Sikumunyamazisha. Alisema, "Mama, mimi naosha wazee wa watu wengine kila siku, na nitakuacha wewe uende kufia kwa ngazi?" Yuko na haki yake ya kulia. Ni mutoto muzuri. Lakini hakuniuliza.

Nilirudi kwa munganga mara ya tatu. Tulisema yote. Ile ya kwanza pia inataka vidonge na kupimwa damu, lakini nikivikosa, haitaniangusha upesi kama ile ya pili. Kiungulia kitazidi labda, nitaungua usiku na muchana. Nikisema nisipasuliwe kabisa, magoti hayatatengenezwa, na mutu bila magoti hafiki mulango wetu. Munganga alirudia mara mbili kwamba hiyo si ile angeichagua. Nikamwambia, "Nimekusikia, na sitasema ulinidanganya."

Nimetia saini ya mukono wa shati. Wanakata mwisho wa mwezi. Nikipungua, watapasua goti la kushoto, nyuma yake la kuume. Sikungoja jibu lako, juu lile lako ulishalitoa nyuma ya mugongo wangu. Kama nitakufa huku kwa meza ya kupasulia, usiseme kwa kilio kwamba ulijaribu kunichunga.

Watu watasema nilikonda juu ya ugonjwa, ao kwamba mukwe wetu alininyima chakula. Uwaambie ukweli. Na usitafute tena mutu wa kutembeza harusini.

Nisalimie mudogo wangu anayekalia meza yangu Kadutu, anoe kisu changu na asimuazime mutu. Nisalimie dada yako mukubwa, hata kama hakuniulizia. Salimia katekista jirani, umwambie aniombee bila kutaja tumbo mbele ya kanisa. Watoto wa mwana wetu Bahati uwapakate, uwaambie Koko, bibi yao, angali ana sauti.

Na ngazi ya kwetu, mawe kumi na saba, sikuyasahau. Tafuta fundi atie chuma cha kushika, kuanzia chini mupaka mulangoni, upande ule mwembamba ambako maji hupita. Nikifika nisikikute, nitakaa juu ya jiwe la kwanza, mbele ya majirani wote, nikuite kwa jina lako la utoto mupaka utelemuke kunishika mukono.

Mimi mwenye nyumba,
Mama Neema