Fumbo la Mwenya na Macho ya Papa

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Mwenya, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe, shemeji Aristote na watoto. Kikohozi cha Kiki kimekwisha? Mama anauliza kila asubuhi, kana kwamba mimi ninaweza kusikia kifua cha mtoto kutoka Mwanza hadi hapa. Mwambie mkwe wako, bibi yake Kiki, kwamba tulipata kitenge alichotuma na kwamba Mama alikivaa Misa ya kwanza na Misa ya pili, siku moja.

Sisi huku tuko wazima. Vumbi la Septemba limetukalia shingoni, mvua bado, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Lakini hakuna aliyelala kitandani kwa ugonjwa, na Mama anaimba akifua, kwa hiyo ujue nyumba iko vizuri.

Barua hii anakuletea Kasonde wa mtaani kwetu, anayekuja huko kwa basi. Ningeweza kukupigia simu, lakini habari hii nimeona inafaa kukaa kwenye karatasi. Mwishoni utaelewa kwa nini.

Kwanza nijibu ulichoniuliza. Ulinitumia fumbo lako la maneno ukataka kujua kama mtu ambaye hajawahi kugusa mafumbo ya namna hiyo anaweza kulimaliza, maana gazeti la huko linataka kuliweka kwenye ukurasa wa wanaoanza. Jibu langu ni ndiyo. Wape walichape. Nasema bila kusitasita kwa sababu nimelimaliza, na niliyelimaliza naye ni Papa, baba yetu yule yule.

Najua umesimama hapo ukasoma tena. Soma, ni kweli.

Wewe unakumbuka ile Pasaka ulipopiga simu kumsihi akubali kupasuliwa mtoto wa jicho, naye akamrudishia Mama simu ukiwa katikati ya sentensi. Baada yako alijaribu Stéphane. Kaka yetu unamjua, alikuja na sauti yake ya mkutano, na Papa akamjibu neno moja tu: "Nilizobelea." Amezoea. Amezoea kutotuona, amezoea kumimina chai nje ya kikombe, amezoea kuacha mots croisés, yale mafumbo ya maneno ya Kifaransa, alizokuwa akizijaza kila Jumapili tangu alipokuwa akifanya kazi rail, kwenye treni. Miwani yake alimpa mtu. Na kila tukigusa jambo hilo anamtaja mwenzake wa kazini, marehemu Lombe, aliyepasuliwa na bado akafa kipofu. Mama anasema Lombe alichelewa mno. Papa hasikii.

Sasa mwezi wa nane madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye kliniki kwa juma moja tu, na ilitangazwa hata kanisani. Daktari wa kliniki hiyo aliniambia waziwazi: jicho la kulia likingoja hadi mwakani, huenda hakutakuwa na la kupasua. Nilikuwa na habari hiyo moyoni na sikujua niiweke wapi.

Basi Jumapili moja baada ya Misa nilikuwa nimekaa uani na karatasi yako niliyoichapisha. Papa alikuwa kwenye kiti chake, uso kuelekea jua. Nikasoma kidokezo cha kwanza kwa sauti, kwa ajili yangu mwenyewe: "Mama jirani anaficha ya kunywa. Herufi nne."

Papa akageuza kichwa. "Iko Marceline!"

Unajua Mama Marceline wa nyuma ya ukuta ndiye mwenye kisima cha pampu, na mtaa mzima tunapanga bidoni zetu za maji kwake. Akasikia. "Donat! Miye naficha nini?"

"Lutuku!" Papa akajibu, na wote watatu tukacheka. Lakini lutuku, hata kama ni pombe kali, ina herufi sita, nikamwambia. Hapo nikaanza kumweleza kama ulivyonieleza wewe. Kila kidokezo kina vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Kimoja kinatoa maana ya jibu, kama mots croisés zako za zamani. Kingine kinatoa namna ya kulijenga jibu hilo kwa herufi. Ile hadithi ambayo sentensi inasimulia ni ya kukupoteza tu, usiifuate. Hapa maana ni "ya kunywa". Na "anaficha" linakuambia jibu limelala ndani ya maneno yenyewe, "mama jirani".

Akafumba macho, kana kwamba yakiwa wazi yanamsaidia. Midomo ikawa inatembea. "M, A, M, A, J, I... Mayi!"

"Maji, Papa. Kwa J."

"Siye tunasema mayi."

"Sikiliza jirani. Ile J iko pale."

Akairudia, kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Ah! Mwenya hawezi kunidanganya, ananionyesha yeye mwenyewe." Hicho ndicho kitu kizuri ulichofanya, Yaya. Mtu akipata jibu, anajua amelipata, hana haja ya kumuuliza mwalimu.

Cha pili kilisema: "Tia mbegu ardhini, ingia katika treni. Herufi tano." Sikuwa nimemaliza kumweleza kwamba kidokezo kinaweza kuwa na maana mbili tupu, bila ujenzi wowote. Alisimama akaita "Panda! Pandeni!" kwa ile sauti ya kuwaita abiria wa treni ya Sakania. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna ugomvi. Yaya, sauti hiyo nilikuwa sijaisikia miaka mingi.

Kisha: "Masika ikivurugika hutoa kitoweo cha ziwani. Herufi sita." Hapa ulitutega, maana hapa kwetu nani anasema masika? Sisi tunasema mvua imekuya, basi. Lakini nilikaza kichwa na nikagundua kwamba sihitaji kujua masika ni nini. Neno likiambiwa limevurugika, herufi zake ndizo unazohitaji, unazichanganya kama kete. Nikamtajia Papa herufi moja moja, na kabla sijapata kalamu alishasema: "Samaki. Ya Pweto, ile kubwa." Nikaandika. Alikuwa sahihi, na nilijua mara moja kwamba Papa ni hodari kuliko mimi.

Kidokezo kilichofuata nilikisoma kwa macho tu, nikakiruka. Nikasoma kinachofuata.

"Weye unaruka," akasema. "Juu ya nini unaruka?"

"Kigumu, Papa."

"Soma."

Nikasoma: "Choma ovyo upate ya kuonea. Herufi tano." Nilitamani Marceline adakie tena. Papa hakuchukua muda. Ovyo ni kuvuruga, alishajifunza. Akavuruga choma kichwani mwake, akasema polepole, "Macho." Halafu akanyoosha mkono. "Leta karatasi, Syntiche."

Akaishika karibu na pua. Akaigeuza kuelekea jua, akaipindua, akaisogeza mbali. Vile viboksi vyako vyeusi na vyeupe kwake vilikuwa ukungu. "Herufi nazijua zote," akasema. "Lakini sioni fasi zinapokutana." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Alikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaingia ndani akishika ukuta.

Sikumfuata, na sikusema habari ya kliniki. Ninajivunia hilo, Yaya, maana ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilimwomba pia Stéphane asipite nyumbani siku hizo, na kwa mara moja katika maisha yake alikubali.

Siku chache baadaye nilikuwa nachambua maharagwe, Papa akaja akasimama mbele yangu. "Bale badaktari banafika siku gani?"

"Juma hili, Papa."

"Stéphane asiende na siye. Anasema sana." Akatoa karatasi mfukoni, ikiwa imelainika kwa kukunjwa. "Na hii tunaibeba."

Tulikwenda. Mama alitangulia kushika nafasi kwenye mstari na sisi tukakaa kwenye benchi. Papa alinishika mkono. Alikuwa anamfikiria Lombe, hakuniambia lakini nilijua. Akaomba nimsomee kile cha mwisho, ambacho mimi mwenyewe kilikuwa kimenishinda: "Inama ukirudi nyuma, upate utulivu. Herufi tano." Tulikuwa tayari na M kutoka kwenye samaki na N kutoka kwenye panda. Papa alikirudia kwa sauti ndogo, tena na tena, kama tasbihi. Watu wakafikiri anasali.

Wakaita jina lake. Muuguzi, msichana mpole anayeitwa Deborah, alimkalisha mbele ya ile mashine ya kupimia. "Papa, weka kidevu hapa. Inama kidogo."

Papa hakuinama. Alisimama wima, kiti kikarudi nyuma. "Inama! Syntiche! Soma kutoka nyuma! I, N, A, M, A... Amani! Iko amani!"

Deborah alishika kifua. Daktari akachungulia kutoka chumba cha pili: "Anaumwa nini?"

"Haumwi," nikasema. "Amemaliza."

Papa aliketi tena, anacheka mpaka bega linatikisika, akaweka kidevu mahali pake na akainama mwenyewe, bila kuambiwa. Alipokuwa anaingizwa kupasuliwa alikuwa bado anamfundisha Deborah namna neno linavyosomwa kinyume. Mimi ndimi niliyebaki nje nikisali.

Asubuhi iliyofuata walimfungua bandeji. Alipepesa. Aliangalia dirisha, akaangalia viganja vyake pande zote mbili, akaniangalia mimi na kuitikia kwa kichwa kidogo kama mtu anayehakikisha. Kisha akamwangalia Mama. Akamwangalia muda mrefu, hata Mama akaanza kurekebisha kitambaa chake.

"Albertine," akasema, "hii imvi yote ilikuyaka siku gani?"

"Ilikuyaka ukiwa unasema ulizobelea," Mama akamjibu.

Halafu wakashikana mikono mbele ya watu wote, wazee wale, na mimi nikatoka nje kutafuta mahali pa kulilia.

Jicho la kushoto litapasuliwa madaktari watakaporudi. Hilo amelikubali mwenyewe, na sasa yeye ndiye anayekwenda kuwahubiria wazee wenzake wa rail, kwa sauti ya Stéphane kabisa.

Kuhusu fumbo, ninalo neno moja tu la kukurekebisha. Hapo penye masika, ikiwa siku moja unataka watu wa Lubumbashi wanunue gazeti lako, fikiria sisi pia. Mengine usiyaguse. Kile cha mama jirani kiache kiwe cha kwanza, kwa sababu kinamfundisha mtu kucheza kabla hajapata hofu.

Na sasa sababu ya barua. Papa ametunga kidokezo chake cha kwanza, amefuta na kuandika upya siku nzima, na anataka kikufikie: "Kibarua kimekatwa mkia na kuvurugwa, basi ingia ndani. Herufi sita." Mimi nimekifungua: ondoa A ya mwisho kwenye kibarua, changanya zilizobaki, utapata KARIBU. Aliponiona nimekijua hakufurahi, alitaka ukihangaikie. Anasema usimjibu kwa simu. Anataka umjibu kwa kupiga hodi hapa mlangoni, ukiwa na Aristote na watoto, Krismasi hii. Mwaka huu atawaona.

Wasalimie wote wa huko, mkwe wako, Kiki na ndugu zake, na shemeji Aristote umkumbatie kwa niaba yetu. Mama, Stéphane na Mama Marceline wanawasalimu. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na mkono wake usiwaachie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Syntiche

Mwenya mutoto wangu, barua yote nimeisoma miye mwenyewe, kwa jicho moja. Syntiche alikosea fasi mbili, nimetengeneza. Kuya nyumbani.
Papa Donat